Sura ya Sita: Kifungo cha Mkono wa Kushoto

Saa mbili na dakika kumi asubuhi Kupe aligonga mlango wa ofisi ya daktari wa viungo, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaingia. Ndivyo alivyo. Jina hilo alipewa na wenzake wa idara ya malalamiko ya afya, kwa sababu akishauma haachii, na yeye mwenyewe alilipokea bila kinyongo. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, mkoba wa turubai begani, na ndani ya mkoba faili tatu.

Faili tatu, na kila moja ina sifuri yake.

Ya kwanza ilikuwa ya seremala. Huyo alizikwa Jumamosi iliyopita. Ya pili ya mama mwenye duka, ya tatu ya mlinzi wa ghala, na hao wawili walikuwa wamelazwa wodi ya kifua kikuu, ng'ambo ya uwanja, wakihesabu pumzi. Wote watatu walikuwa wagonjwa wa baridi yabisi, ule ugonjwa unaovimbisha viungo na kupinda vidole mpaka mtu anashindwa kushika kijiko. Wote walianzishiwa sindano mpya hapa hapa. Na wote, kabla ya kuanza, walipimwa kwenye ngozi ya mkono kuona kama wana vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini. Majibu yakaandikwa: milimita sifuri, sifuri, sifuri. Sasa mmoja akipata sifuri halafu akaugua, utasema bahati mbaya. Watatu, ndani ya miezi mitano, kliniki moja? La hasha, hapo pana mkono wa mtu.

Na leo ilikuwa Alhamisi, siku ya sindano. Nje kwenye mabenchi walikaa wagonjwa tisa wapya, wote wana sifuri kwenye faili, wakisubiri saa tano.

Mmoja wa hao tisa alikuwa dada yake Kupe. Tuliseme mapema lisije likaonekana limefichwa. Kupe mwenyewe alikuwa ameshamweleza mkuu wake tangu Jumatatu: dada yangu yumo kwenye orodha, mpe kesi mtu mwingine. Mkuu akamjibu kwamba watu wengine wote wako kwenye kipindupindu, atampa nani, mlinzi wa geti? Basi asubuhi hiyo Kupe alimpitia dada yake nyumbani, akamvalisha viatu, akamfunga kifungo cha mkono wa gauni, kama alivyozoea. Alifunga cha kulia. Aliponyoosha mkono kutaka cha kushoto, dada akaurudisha mkono kifuani. "Huo umeshafungwa," alisema. Kweli ulikuwa umefungwa, na kitambaa pale kwenye kifungo kilikuwa kibichi. Kupe akadhani ni maji ya kunawa uso, wakatoka.

Huyo dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Amesubiri sindano hiyo miaka miwili.

"Simamisha sindano za leo," Kupe alisema kabla hajakaa.

Daktari alikuwa mwanamume mrefu, kalamu nne mfukoni, macho ya mtu asiyelala vizuri tangu Jumamosi. "Kwa ushahidi gani?"

"Maiti mmoja."

"Huyo ni msiba, si ushahidi. Inspekta, nisikilize. Dozi tisa nilizonazo muda wake unaisha kesho. Nikizimwaga, hawa tisa wanarudi mwisho wa foleni. Umewaona vidole?"

"Nimewaona." Alikuwa amemvalisha viatu mwenye vidole kama hivyo, saa moja iliyopita. "Nieleze hiyo sindano kama unavyomweleza mgonjwa."

Daktari akavuta pumzi. "Kinga ya mwili ni mlinzi. Kwa hawa, mlinzi amechanganyikiwa, anawapiga wenye nyumba, yaani viungo. Sindano inamtuliza mlinzi. Kiungo kinapona, mtu anarudi kazini. Lakini kama ndani ya nyumba kulikuwa na mwizi amefungiwa stoo miaka ishirini, mlinzi akitulia..."

"Mwizi anatoka."

"Anatoka na anavunja kila kitu. Ndiyo maana tunapima kwanza. Mkono ukivimba, mwizi yumo."

"Na aliyevimba hapati sindano tena maisha yake yote?"

"Hapana, hapana. Anapigwa picha ya kifua, anaanza vidonge vya kinga. Baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo anaweza kuanza sindano, huku anamalizia vidonge."

Kupe aliandika: *mwezi mmoja*. Akapiga mstari chini yake. "Basi kwa nini umebandika lile karatasi ukutani?"

Karatasi lilikuwa nyuma ya kichwa cha daktari, maandishi makubwa: ATAKAYEVIMBA MKONO, NAFASI YAKE ATAPEWA ANAYEFUATA.

Daktari hakugeuka kulitazama. "Dawa ni ya msaada. Nafasi arobaini tu, na kila mwezi nitoe hesabu ya waliochomwa. Siwezi kuacha nafasi wazi."

"Kwa hiyo kitabibu anacheleweshwa mwezi. Kwenye foleni anatupwa."

"Sikuitunga kwa ubaya."

"Sijasema ubaya. Nimeuliza tu." Kupe alifungua faili ya kwanza. "Wewe unadhani zile sifuri tatu zilitoka wapi?"

Hapo daktari alichangamka, kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Wagonjwa wa viungo wengi wanameza vidonge vikali vya kupunguza uvimbe, alisema. Vidonge hivyo hivyo vinaweza kuituliza ngozi, mtu akapimwa, ana vijidudu tele, na mkono usivimbe hata chembe. Sifuri ya uongo, bila mwongo. Inatokea dunia nzima.

Lilikuwa jibu zuri. Halimgusi mtu. Kupe akalipenda kwa nusu dakika, kisha akageuza kurasa.

"Seremala aliachishwa vidonge hivyo miezi miwili kabla ya kipimo, kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Mwandiko ni wako. Mama wa duka hakuwahi kuvimeza, anaviogopa kwa sababu ya sukari. Anabaki mlinzi wa ghala peke yake. Daktari, maelezo yako yanamtosha mmoja, mimi nina watatu."

Daktari aliitazama faili. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesukuma sahani upande wa jirani, "Kipimo anasoma Sista. Mimi naandika alichosoma."

"Nipe mpaka saa tano."

"Niletee jina. Ukiniletea jina, namtoa huyo. Bila jina, saa tano naanza."

*

Sista alikuwa na chumba kidogo chenye friji, meza na dirisha la kutazama geti. Wagonjwa walimwita Sista Rula, maana hata kitanda akikitandika utadhani amepima kwa rula. Alipomwona Kupe mlangoni alivua glavu moja moja, akaziweka kwenye pipa, akakunja mikono.

"Umekuja kunifunga?"

"Bado. Nionyeshe unavyopima."

Sista alimshika mkono wa kushoto, akaugeuza tumbo juu. "Hapa, chini ya kiwiko kidogo. Nachoma tone moja ndani ya ngozi. Nazungushia duara kwa kalamu ya wino mweusi, pasipotee. Baada ya siku mbili, isizidi tatu, nasoma. Husomi wekundu, unasoma ugumu. Unapapasa kwa kidole mpaka unapoishia, hapo ndipo unaweka rula."

"Kwa kidole."

"Kwa kidole."

"Unawachoma siku gani?"

"Alhamisi. Ndiyo siku ya kliniki."

Kupe alihesabu vidole vyake taratibu, kwa makusudi. "Ijumaa. Jumamosi. Jumapili. Kliniki yenu Jumamosi na Jumapili imefungwa, nimesoma kibao cha getini. Sasa Sista, hicho kidole kilimpapasa nani?"

Nje mgonjwa mmoja alicheka, mwingine akamwambia acha hizo. Sista alifungua droo, akatoa simu ya kliniki, kioo kina ufa, akaiweka mezani.

"Wananitumia picha," alisema. "Mkono na rula kando yake. Jumamosi au Jumapili. Wengine wanatoka mbali, Inspekta. Mtu hawezi kushika bomba la basi, utamwambia aje, arudi, aje tena? Mwaka mzima nimeomba daktari tuhamishie upimaji Jumatatu. Naambiwa Jumatatu ni siku ya mifupa. Mimi nifanyeje? Ningekataa picha, wangekosa dawa kabisa." Akaisogeza simu mbele ya Kupe. "Ukisema nimekosea, nimekosea. Lakini sijawahi kuandika kitu ambacho sijakiona."

"Hilo ndilo ninalotaka kulijua. Nionyeshe ulichokiona."

Picha ya seremala. Picha ya mama wa duka. Picha ya mlinzi. Kila picha ina mkono, duara, ngozi laini tupu. Kupe alivaa miwani. Pembeni ya mkono hapakuwa na rula. Palikuwa na futi ya kitambaa, ya fundi cherehani, na kwenye namba saba ilikuwa imeungua, doa la kahawia la umbo la ncha ya pasi.

Picha tatu, doa lile lile.

"Futi hii ya nani?" Kupe aliuliza.

"Ya Fundi, pale ng'ambo ya geti. Yule anayewashonea wagonjwa nguo za kamba badala ya vifungo. Ndiye anayewapigia picha wengi wao."

"Kwa nini yeye?"

Sista alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini samaki hapandi ngazi. "Wana vidole vya kushika simu mkono mmoja na rula mkono mwingine?"

Akageuza picha nyingine, na nyingine. Futi yenye doa ilikuwa kwenye picha kumi na saba za walioanza sindano. Kumi na nne kati ya hao walikuwa wazima, wanachomwa sindano na wanadunda. Basi futi haikuthibitisha chochote ila kwamba Fundi ana moyo mzuri. Kupe aliguna. Ilikuwa saa tatu na nusu imepita, na kamba aliyodhani ameishika ilikuwa imemponyoka.

Akazirudia zile tatu za mwanzo. Safari hii aliliacha duara, akautazama mkono wenyewe.

"Sista, seremala alikuwa na kifundo cha mkono cha namna gani?"

"Masikini, kibaya. Kimevimba kama kitunguu, vidole vyote vimelalia upande mmoja."

"Na huu?"

Sista alisogeza simu puani. Kifundo cha pichani kilikuwa kimenyooka. Chembamba, cha mtu anayeweza kuchota maji, kusuka nywele, kumpiga mtu kofi. Akatazama cha mama wa duka, kimenyooka. Cha mlinzi, kimenyooka vile vile.

"Mungu wangu," Sista alisema. "Mimi nilikuwa natazama ndani ya duara tu."

"Hata duara litazame. Kalamu yako nyeusi. Hili?"

"Bluu." Akaivuta picha ikakua. Mstari ulikuwa na vumbi vumbi kingoni. "Hii si kalamu. Hii ni chaki. Chaki ya kukatia nguo."

Mkono mmoja, wagonjwa watatu. Kupe hakufurahi. Alisema haraka, "Sasa nionyeshe za hawa tisa wa leo. Moja moja."

Ya kwanza, kifundo kimevimba, wino mweusi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu vidole vimepinda, wino mweusi, rula ya shule. Walikwenda hivyo, Kupe akisema "endelea" na Sista akigeuza, na kila mkono mbovu uliotokea ulimpunguzia Kupe mzigo. Ya saba. Ya nane.

Ya tisa, ya mwisho, kifundo kilikuwa kimenyooka. Duara la bluu. Futi yenye doa. Chini ya picha ujumbe ulisema: *Namba 31.*

Sista alifungua daftari la orodha, akapeleka kidole chini, kikasimama. Akalifunga daftari.

"Inspekta, labda nihakikishe tena, huenda namba..."

"Usijisumbue," Kupe alisema. "Kadi ya namba hiyo nimeibeba mimi leo asubuhi. Imo kwenye mkoba huu."

*

Kwa utaratibu wa kazi, picha bila mwenye mkono ni nusu ya ushahidi. Hiyo ndiyo sababu Kupe aliyojipa alipokuwa akivuka barabara. Sababu nyingine ni kwamba aliomba, kwa moyo wake wote, Fundi amwambie kuna makosa ya namba.

Chumba cha Fundi kilikuwa upana wa mlango na nusu. Cherehani, meza ya kukatia, pasi, na ukutani magauni mapana yenye kamba kifuani. Fundi alikuwa mwanamke wa umri wa Kupe, pini tatu mdomoni, futi shingoni.

"Karibu. Gauni au kaptula?"

"Futi."

Fundi alizitema pini kiganjani. Kupe aliivuta futi taratibu kutoka shingoni mwake, akaitandaza mezani mpaka namba saba, akaweka kidole kwenye doa. Kisha akaiweka simu ya kliniki kando yake.

"Weka mkono wako wa kushoto hapa."

"Wa nini?"

"Fundi, nina saa moja. Weka mkono."

Aliuweka. Karibu na kifundo palikuwa na kovu jembamba la pasi, na pichani, ukijua pa kutazama, kovu lilikuwepo, kwenye pembe, limekatwa nusu. Fundi alilitazama kovu lake kama mtu anayeliona mara ya kwanza. Halafu akaketi.

"Seremala alikaa kiti hicho hicho unachokiegemea," alisema. "Mkono umevimba kama yai. Nikamwambia, hongera, dawa imekubali. Akaanza kulia. Wewe umewahi kumwona mwanamume wa miaka sitini analia kwa sababu hawezi kufungua mlango wa choo? Ndipo akanieleza habari ya lile karatasi la ukutani. Nikasema, uvimbe tu huo, utashuka kesho, kwa uvimbe wa siku moja mtu anyang'anywe nafasi? Nikachora duara kwangu. Ni hivyo tu. Sikuchukua hata shilingi."

"Najua hukuchukua. Na wale wawili?"

"Seremala aliwaambia."

"Hukuuliza uvimbe maana yake nini?"

"Nimuulize nani? Kila anayetoka mle anasema mkono umekataa au mkono umekubali. Hakuna aliyeniambia kuna kifua kikuu mle ndani." Sauti ilimpanda. "Nimejua Jumamosi. Msibani. Nimekaa bega kwa bega na mjane wake, ananishukuru kwa gauni nililomshonea mumewe... ananishukuru!" Alifunika uso kwa mkono ule ule. "Gauni lile la kamba, la kulalia wodini."

Kupe alisubiri. Miaka ishirini ya kazi ilimfundisha kwamba mtu anayelia mwache amalize, ndipo aseme kweli. Lakini saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika ishirini.

"Namba thelathini na moja," alisema.

Fundi alishusha mkono. "Unajua ni nani?"

"Nataka kulisikia kwako."

"Dada yako." Alilisema wazi, akimtazama machoni. "Alikuja Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, kabla seremala hajafa. Mkono wake ulikuwa mbaya kuliko ya wote, umetumbuka malengelenge. Nikampa wangu. Lakini nilipotoka msibani sikulala. Jumatatu asubuhi nikaenda mpaka kwake nikamwambia, mama, seremala amekufa, nenda kaseme, mficha maradhi kifo humuumbua. Unajua alinijibu nini?"

"Sema."

"Alisema, basi kifo kinikute najifunga vifungo mwenyewe. Akaniapisha. Nami nikasema moyoni, ana mdogo wake mpelelezi, huyo atajua tu." Fundi aliinama. "Utanipeleka wapi mimi?"

"Mimi naandika. Watakaokupeleka ni wengine, na nitawaandikia pia kwamba ulipoulizwa hukukana. Andika maelezo yako humu, kurasa zote mbili, utie sahihi. Kisha ufunge duka uende ukapige picha ya kifua. Wale watatu walikuwa wakikohoa hapa kwako kila wiki."

Fundi aliacha kulia ghafla. Hilo hakuwa amelifikiria.

*

Saa tano kasoro dakika nane daktari alikuwa ameshasimama mlangoni mwa chumba cha sindano, orodha mkononi. Wagonjwa tisa walikuwa wamejisogeza mabenchi ya mbele. Dada yake Kupe alikaa wa tano, mkoba magotini, mgongo wima. Alikuwa akimchekesha jirani yake. Alipomwona Kupe anakuja kicheko kikaisha, na mkono wa kushoto ukaingia taratibu chini ya mkoba.

Kupe aliona mkono ukiingia. Angekuwa mtu mwingine angemwita pembeni kwa sauti ya kazi. Alichuchumaa mbele yake, kama asubuhi alipomvalisha viatu.

"Dada. Nionyeshe mkono."

"Upi?"

"Dada."

"Umeanza. Tangu mtoto, ukishang'ang'ania kitu!" Alijaribu kucheka, akawageukia wenzake. "Huyu mdogo wangu serikali imemlipa aje anikague mimi." Hakuna aliyecheka. Wagonjwa wana masikio. Walishajua kuna jambo.

"Nimetoka kwa Fundi," Kupe alisema.

Dada aliuinamia mkoba wake. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa chini, ya wao wawili tu. "Seremala alikuwa anavuta sigara."

"Hakuwahi kuvuta. Nina faili yake. Na mama wa duka je? Na mlinzi? Wako pale ng'ambo, twende nikakuonyeshe. Ukichomwa leo, na wewe utalala kitanda cha tatu."

"Huenda nisilale."

"Huenda."

"Miaka miwili, mdogo wangu. Naoshwa na mke wa mwanangu. Naoshwa! Nakunywa chai kwa mrija kama mtoto. Leo nimebakiza watu wanne tu mbele yangu, wanne, halafu wewe, wewe niliyekubeba mgongoni..." Machozi yalimtoka, na hakuwa na vidole vya kuyafuta. Kupe aliyafuta kwa kiganja chake. "Ungechelewa. Ungepata foleni njiani, ukachelewa kidogo tu. Nani angekulaumu?"

Hapo ndipo Kupe alipoogopa kweli kweli, kwa sababu aliona ingewezekana. Jina lilikuwa halijamfikia daktari. Dakika sita. Sista alikuwa amesimama nyuma ya daktari, anajua, na kwa macho yake tu ungeona kwamba hatasema, amemwachia yeye.

"Mimi ningejilaumu," Kupe alisema. "Ningekufunga vifungo vya sanda, na sanda haina vifungo. Fungua mkono, dada."

Dada aliutoa mkono chini ya mkoba. Aliunyoosha mbele ya watu wote. Vidole vilikuwa vimelalia upande, na kifundo kimetuna.

"Fungua mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi. Si ndiyo maana tuko hapa?"

Kifungo kilikuwa kidogo, cheupe. Uzi wake ulikuwa umelegea na kando ya kitundu palikuwa na alama za meno. Kupe alizitazama hizo alama.

"Nilianza alfajiri," dada alisema. "Nisingekuacha ukifunge wewe. Ungeona."

Alikifungua. Akapandisha kitambaa. Chini ya kiwiko, pale pale Sista alipomwonyesha, palikuwa na kovu jeusi la kidonda kilichokauka, na Kupe alipopapasa kwa kidole, ngozi bado ilikuwa ngumu. Alipima kwa kidole mpaka ugumu ulipoishia. Hakuhitaji rula.

Daktari alikuwa ameshafika. Alitazama, akatoa kalamu moja kati ya nne. Ncha ikashuka kwenye namba thelathini na moja.

Kupe aliweka kiganja juu ya orodha.

"Usilikate."

"Inspekta, kanuni..."

"Kanuni yako naandika ukurasa wa kwanza, kabla ya Sista na kabla ya Fundi. Watu wanne wamedanganya kwenye kliniki hii ili wasitupwe kwa ajili ya mwezi mmoja. Dozi ya leo mpe anayefuata, isimwagike. Lakini jina lake libaki. Andika mbele yake: anameza vidonge, anasubiri. Na lile karatasi lishuke ukutani sasa hivi, wakiwa wanaona."

Daktari alitazama mabenchi. Wagonjwa wanane walimtazama. Mzee mmoja mwenye magongo alisema, si kwa ukali, "Daktari, si ungetuambia tu kwamba inaua?"

Daktari aliandika maneno yale mbele ya jina, akampa Sista orodha, akaingia ofisini. Wakasikia gundi ikibanduka ukutani.

Sindano zilianza saa tano na dakika saba. Wa kwanza akaitwa, benchi likasogea. Dada hakusogea. Nafasi iliyobaki kati yake na waliotangulia ilizidi kukua, mpaka akabaki yeye na Kupe, na mkono wa gauni uliofunguka.

"Na mimi utaniandika?" aliuliza hatimaye.

"Nitakuandika. Siwezi kukuruka."

"Kwamba nilijua."

"Kwamba ulijua."

Dada alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amekasirika, na hasira ile haikuwa ya kuisha leo wala mwezi ujao. Lakini aliunyoosha mkono wa kushoto tena, akauweka magotini mwa mdogo wake ili afungwe kifungo.

"Basi liandike vizuri hilo jina," alisema. "Herufi zote nilikufundisha mimi, nikikushika mkono kwa vidole hivi hivi. Usije ukaniandika vibaya."